Barua ya malalamiko: Mliniuzia baiskeli ya pwani, sasa waranti yenu inaikataa bahari

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: FRIWILI NA BOLTI ZA SETI YA PWANI, NA MADAI YA WARANTI MLIYOYAKATAA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu baiskeli ya trayali, yaani ya mchezo wa kuruka juu ya mawe na vizuizi bila kugusa chini kwa mguu, yenye magurudumu ya inchi 26, pamoja na vile vifaa vya nyongeza mnavyoviita Seti ya Pwani. Friwili ya seti hiyo, yaani kile kifaa kinachoshika ukikanyaga pedali mbele na kuachia ukiirudisha nyuma, imeniangusha mwambani, bolti zake zimeshika kutu, na nilipodai waranti nilijibiwa kwa sentensi mbili tu kwamba uharibifu unaotokana na maji ya chumvi haumo kwenye waranti. Jibu hilo silikubali. Naomba barua hii isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na kama inawezekana, na mtu ambaye amewahi kuifungua friwili kwa mikono yake.

Naanza na tangazo lenu, kwa sababu ndilo lililonifanya nitoe fedha. Picha inamwonyesha mwendeshaji amesimama kwa gurudumu la nyuma juu ya jabali, wimbi limepasuka chini yake, na rasharasha imemfika kiunoni. Chini ya picha mmeandika kwamba seti hii imetengenezwa kwa ajili ya miamba ya bahari. Habari za bahari mmezileta ninyi wenyewe. Bei ya baiskeli bila seti ilikuwa chini, na tofauti niliilipa kwa ajili ya ahadi hiyo moja. Kumwambia mnunuzi baadaye kwamba chumvi haihusiki ni sawa na kumuuzia mvuvi ngalawa kisha kumkataza kuishusha majini.

Sasa friwili yenyewe. Aliyenijibu aliandika kuhusu "friwili ya gurudumu la nyuma", na hapo nikajua kwamba hakuiangalia hata picha niliyotuma. Kwenye baiskeli hii friwili iko mbele, kwenye krenki, yaani ile mikono inayobeba pedali. Nyuma kuna gia moja iliyofungwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka cheni nayo inazunguka. Mzigo wote wa mguu unapita kwenye vile vijino vidogo vya ndani ya friwili, vinavyosukumwa na springi ili ving'ate meno. Friwili yenu inauzwa kwa sifa ya kushika mara 108 katika mzunguko mmoja, yaani kila baada ya nyuzi 3.3 hivi. Sifa hiyo si ya mapambo. Anayesimama kwa gurudumu moja ukingoni mwa jabali hana nafasi ya kuzungusha pedali kutafuta mahali pa kushika. Akikanyaga, lazima ishike hapo hapo.

Haikushika. Maji yalikuwa yamekupwa na mimi nilikuwa juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, kwenye mwamba mkavu usio na mwani. Breki ya nyuma imebana, gurudumu la mbele liko hewani, na mwanya mbele yangu haufiki hata urefu wa baiskeli. Kila anayefanya mchezo huu anaujua mruko wa namna hiyo: mwili unatangulia, breki inaachiwa, mguu unashuka kwa uzito wote. Nilipokanyaga, pedali ilikwenda chini bila kukutana na kitu chochote. Cheni haikukatika wala haikuruka. Gurudumu lilibaki palepale, pedali imeshafika chini, na mwili wangu ulikuwa umeshaondoka. Nilidondokea kwenye ule mwanya, mkono ukapiga mwamba uliojaa chaza, na makali ya ganda la chaza wanayajua wote wanaotembea pwani. Mkono ulishonwa. Helmeti na vikinga goti vilifanya kazi yake. Mwanya ungekuwa na kina zaidi, barua hii huenda ingeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yangu.

Friwili iliondolewa na kufunguliwa na fundi, mimi nikiwa hapo hapo, na kila hatua ilipigwa picha. Ile alama ya rangi mnayoipaka kiwandani kwenye pete ya kufungia ilikuwa nzima, haijapasuka, na ndiyo picha ya kwanza kwenye viambatanisho. Kwa hiyo grisi iliyokutwa ndani ilitiwa kwenu. Ndani kulikuwa na grisi nzito, ile ya kupaka kwenye beringi za magurudumu, imebadilika kuwa ya kahawia kwa kuchanganyika na kutu, na ukiisugua kati ya vidole unasikia chembechembe. Vijino viwili vilikuwa vimelala kwenye vishimo vyake. Fundi alivigusa kwa ncha ya bisibisi na havikunyanyuka. Springi ya kijino kimojawapo ilikuwa imekatika, na mahali ilipokatikia pameliwa na kutu.

Mtu yeyote anayetunza friwili za trayali angewaambia kwamba ndani mnatiwa oili nyepesi. Grisi nzito huvinata vijino visirudi haraka mahali pake, na chumvi ikiingia humo haitoki tena hata ukimwagia maji matamu kutwa nzima. Halafu kuna suala la kuziba. Mliandika kwamba friwili "imezibwa dhidi ya maji". Tulichokuta ni kibati chembamba kilichoachana na mwili wa friwili kiasi cha kupitisha unene wa karatasi, bila mpira wa kuzibia upande wowote. Kibati hicho kinazuia mchanga mkubwa. Maji hakiyazuii.

Kuhusu bolti sitakuwa na maneno mengi, kwa kuwa ushahidi umeandikwa juu ya vichwa vyake. Orodha ya vifaa vya seti inasema bolti zote ni za chuma kisichoshika kutu, daraja la A4. Tazameni picha ya nne. Kichwani mwa bolti inayoshikilia breki ya nyuma pamepigwa chapa 8.8. Hiyo ni chapa ya nguvu ya chuma cha kawaida, na hapa kimepakwa zinki juu. Bolti ya chuma kisichoshika kutu huwa na A2 au A4, kwa kawaida ikifuatwa na 70 au 80, namba za nguvu yake. A4 ndiyo iliyotiwa metali ya molibdenamu, na molibdenamu ndiyo inayoifanya istahimili chumvi kuliko A2, hivyo ninyi wenyewe mlijua ni ipi ya kuitaja mnapomwandikia mtu wa pwani. Bahari inaweza kuitia bolti kutu. Chapa ya kichwani haiwezi kuibadilisha.

Madhara yake hayakuishia kwenye bolti. Fremu ni ya alumini, na chuma kikikutana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kuizunguka bolti mojawapo ya breki palijaa unga mweupe, na bolti yenyewe ilikuwa imeganda. Ilibidi ikatwe kichwa kisha itobolewe, na hesi za ndani ya fremu, ile mikato ya kufungia bolti, zimeondoka nayo. Hata hizo A4 mngezileta kweli, zingehitaji kupakwa grisi ya kuzuia kugandana kabla ya kufungwa, maana nazo zikiachwa kavu ndani ya alumini huleta tatizo hilo hilo. Kijitabu chenu hakigusii jambo hili hata kwa mstari mmoja. Kinasema tu: safisha baada ya matumizi.

Na nilisafisha. Kila nilipotoka mwambani baiskeli ilioshwa kwa maji matamu yasiyo na presha, ikafutwa, cheni ikatiwa oili. Katika jibu lenu mmedokeza kwamba ningepaswa kuhakikisha "inakaa kavu wakati wote". Chumvi ya bahari haikauki kwa namna mnavyodhani. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani mara unyevu huo unapopita asilimia 75 hivi, na chumvi za magnesi zilizomo kwenye maji ya bahari huanza kunyonya mapema zaidi. Pwani, hewa ya namna hiyo ni ya kawaida. Rasharasha ikishapita kwenye kibati chenu na kukaa ndani ya friwili, baiskeli inaonekana kavu kwa macho huku ndani kumelowana usiku kucha. Mnunuzi hawezi kukausha mahali ambapo kitambaa hakifiki, na mlimkataza kuifungua friwili kwa kumwambia kwamba akivunja ile alama ya rangi waranti imekufa. Yaani mmemfungia mlango wa kuitunza, kisha mmemlaumu kwa kutoitunza.

Nisiwanyime haki yenu. Fremu ina mizani nzuri kuliko nyingine nilizowahi kupanda. Tairi la nyuma, likiwekwa upepo kidogo, linaushika mwamba wenye mikwaruzo vizuri sana, na linajikunja kwenye ncha za mawe bila kuteleza. Bamba la chini linalokinga krenki limegongwa na mawe bila huruma na bado limenyooka. Breki za haidroliki hazijavuja hata tone. Waliochora baiskeli hii wanaujua mchezo, na hilo ndilo linalonikera zaidi: kazi yao imeharibiwa na mtu aliyeamua kupunguza gharama kwenye vijisehemu vinavyobeba uhai wa mwendeshaji.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Mnirudishie gharama yote ya Seti ya Pwani, na siyo kunitumia friwili nyingine ya aina ile ile, kwa sababu sitaifunga. Mgharamie matengenezo ya hesi za fremu, au mnibadilishie fremu kama fundi wenu ataona haitengenezeki. Risiti ya fundi na ya matibabu zimo kwenye viambatanisho, na gharama hizo pia nazidai.

Dai jingine si la kwangu peke yangu, na nawasihi mlichukulie kwa uzito kuliko yote. Kuna watu wengine wenye seti hii. Wengi wao wanajifunza, wengine ni vijana wanaopanda mawe makubwa kwa kuamini kwamba kilichoandikwa kwenye boksi ndicho kilichomo. Mnazo oda zao na anwani zao. Waandikieni waache kuitumia friwili hiyo mpaka ifunguliwe na kukaguliwa, na waangalie chapa kwenye vichwa vya bolti zao kabla ya kupanda tena. Ruhusuni friwili ifunguliwe na isafishwe bila waranti kupotea. Na kama hamko tayari kuisimamia seti hii mbele ya maji ya chumvi, ondoeni ile picha ya wimbi na jina la Pwani, msiendelee kuiuza kwa watu walewale mnaowakataa baadaye.

Friwili iliyofunguliwa nimeihifadhi kama ilivyokutwa, pamoja na bolti zote na kile kipande kilichokatwa. Mkitaka kuvikagua, mtumeni fundi wenu avione nilipo, au tukubaliane fundi wa tatu asiyefungamana na upande wowote. Sitavituma kwa posta kabla ya kupata makubaliano ya maandishi, kwani huo ndio ushahidi wangu wote.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Muda huo ukipita bila jibu, au likija tena jibu la sentensi mbili, nitayapeleka malalamiko haya pamoja na picha zote kwenye mamlaka inayoshughulikia haki za walaji. Namba ya oda na mawasiliano yangu yako juu ya nakala ya risiti.

Wenu,

Mteja, mmiliki wa baiskeli tajwa hapo juu

Viambatanisho: nakala ya risiti ya ununuzi, nakala ya tangazo na orodha ya vifaa vya seti, picha za friwili na bolti, risiti ya fundi, risiti ya matibabu, nakala ya jibu lenu la awali.