Kundi la tamthilia lianzie kwenye zamu za hoteli

Bwana Mhariri,

Vijana wengi wanaohudumu katika hoteli za kando ya ziwa hapa Goma wanaota kuunda kundi la tamthilia. Makundi mengi hufa kabla ya onyesho la kwanza. Vipaji wanavyo, kinachowaua ni zamu.

Mchezo wa watu kumi hauwezekani pale ambapo watatu wanalinda mapokezi usiku. Anzeni na watano, mchezo wa dakika 40, na kila nafasi ijulikane na watu wawili. Mazoezi yawe saa tisa alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa na meza za jioni hazijatandikwa.

Umeme ukikatika, jenereta hufunika sauti. Afadhali betri. Taa nne za LED za wati 50 hula wati 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, huzibeba saa mbili na nusu hivi. Mvua ikipiga bati, hakuna koo litakaloshinda: simamisheni mchezo, msubiri. Na uani kwenye mawe ya volkano tandikeni mbao, mita nne kwa tano, la sivyo mtu atateguka kifundo.

Lugha isiwasumbue. Kule Lubumbashi, mwigizaji Mufwankolo na wenzake walicheza kwa Kiswahili cha mtaani, redioni na kwenye televisheni. Mgeni asiyejua Kiswahili atafuata miondoko ya mwili. Mwenyeji akichoshwa na Kifaransa cha kukariri, harudi.

Mgao wa fedha uandikwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, nauli ya usiku ikitangulia.

Wapenzi wa jukwaa,
Goma