Barua kwa mwanangu aliye Nansio, kisiwani Ukerewe, kabla hajatolewa damu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu, baba yangu,

Jana kwenye simu uliniitikia "sawa mama, sawa mama" hata sijafika katikati ya maneno, kwa hiyo leo naandika. Karatasi hutaiwahi kuiitikia.

Umesema daktari wa huko kakuandikia vipimo uje uvifanye hospitali ya Bugando, ile ya kilimani hapa Mwanza: sukari kabla ya kula, mafuta ya damu, picha nzima ya damu, na choo kwa ajili ya kichocho. Umesema pia utapanda meli ya asubuhi, ushuke Mwanza, upande kilima, utolewe damu, urudi Nansio. Hapana. Njoo siku moja kabla, ulale hapa nyumbani. Ukihesabu masaa ya majini, foleni ya kadi, foleni ya malipo na foleni ya maabara yenyewe, utafikia sindano ukiwa umekaa na njaa masaa kumi na sita. Wanachotaka wao ni masaa 8 hadi 12. Njaa ikipitiliza nayo inavuruga majibu, mwili unaanza kula akiba yake. Na ukifika kileleni unahema kwa kile kilima, kaa kwanza robo saa upumue.

Sasa hili la kufunga, sikiliza vizuri, maana ndilo lililoniponza mimi. Ukiambiwa "uje umefunga", usifikirie Ramadhani wala Kwaresima. Maji unakunywa, tena uyanywe, mshipa usijifiche wakakutoboa mara tatu. Ila yawe maji matupu. Chai ya rangi isiyo na sukari hapana, kahawa hapana, bazoka hapana, sigara hapana (najua unavuta, usinifiche). Usiku wake kula mapema chakula chako cha siku zote, ugali na sato, ukimaliza saa mbili basi imetosha. Bia weka kando siku moja au mbili, pombe inapandisha mafuta. Lakini usianze kujitakasa kwa mlenda mtupu wiki nzima ili majibu yapendeze. Daktari anataka kumwona mtu anayeishi Nansio, si mgeni uliyemtengeneza kwa siku saba. Dawa za presha meza na maji kama kawaida, labda kama daktari amekukataza.

Yaliyonipata mimi sijawahi kukusimulia. Uliniona tu nimeacha wali na chai ya sukari miezi kadhaa, ukadhani ni uzee. Nilienda kupima sukari katika kituo kimoja hapa mjini. Nilitoka soko la Mwaloni alfajiri baada ya kupokea dagaa, baridi ya ziwa imenipiga, nikapita kwa mama lishe nikanywa chai ya maziwa na chapati moja. Moja tu! Kule nikaulizwa, "Mama umekula?" Nikasema sijala, kwa sababu nikisema nimekula narudishwa, na dagaa wangu wako juani. Sukari ikasoma 8.9. Kwa mtu ambaye hajala, ikifika 7.0 wanaanza kusema kisukari. Mwanangu, nilirudi miguu haina nguvu. Nikanunua mizizi kwa mtu wa sokoni, nikanywa uchungu ule wiki sita, nikakonda, majirani wakaanza kuulizana. Niliporudia nikiwa nimefunga kweli, ikasoma 5.1. Chapati moja, baba. Mashine haikukosea hata kidogo, ilipima chai niliyoikana.

Kwa hiyo pale dirishani sema kila kitu. Kama umekula, sema, watakupangia siku nyingine. Kama unakunywa dawa za kienyeji, zitaje hata kama kijana wa maabara atakukunjia uso. Kama wiki iliyopita ulimaliza mseto, dawa ya malaria, sema, maana kile kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya wewe kupona, na utamezeshwa dawa mara ya pili bure. Dada yako naye na vile vidonge vyake vya nywele na kucha: mwambie kabla hajaenda kupima tezi la shingo amwambie daktari anavitumia. Vina kitu kinaitwa bayotini, kinadanganya baadhi ya mashine.

Picha ya damu haihitaji kufunga, wala malaria, wala kundi la damu. Hizo hata ukiwa umeshiba.

Choo ndicho kinachokusumbua, najua, ndiyo maana ulikitaja mwisho tena kwa sauti ya chini. Usikichukue Nansio ukavuka nacho ziwa. Kinatakiwa kifike kibichi, siku ileile, na kama unaharisha kifike ndani ya nusu saa, maana amiba wakishapoa wanaacha kutembea na hakuna wa kuwatambua. Omba kikopo maabara. Zamani tulikuwa tunapeleka kwenye kiberiti, nawe utotoni nilikupeleka hivyo, lakini kiberiti kinanyonya unyevu na hakifungiki. Tandika gazeti au mfuko safi, usiokote kutoka chini chooni, mkojo usiingie. Kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha. Kuna watu wanajaza kikopo mpaka mfuniko unagoma, sijui wanamkomoa nani.

Wakikuambia urudi kesho na choo kingine, usinune. Kichocho cha visiwani huko kwenu ni kile cha tumbo, mayai yake hutoka kwa choo, na hayatoki kwa wingi uleule kila siku. Leo unaweza kuonekana huna, kesho yakaonekana. Wajomba zako wa Kwimba, wanaooga mabwawani, ndio wenye kile cha kibofu. Wao hupimwa mkojo, tena wa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, ndipo mayai yanatoka zaidi. Wewe wakikuomba mkojo wa kawaida, jisafishe, wa mwanzo mwaga, kinga wa katikati.

Damu watachukua chupa tatu au nne, za vifuniko vya rangi mbalimbali. Ya zambarau ya picha ya damu, ya kijivu ya sukari, na kadhalika. Kila moja ina dawa yake ndani, ndiyo maana hawawezi kutia zote kwenye moja. Usimsikilize yule rafiki yako anayesema wanauza. Chupa moja haizidi sana kijiko cha chai, na wewe una lita tano hivi. Ngumi ikunje taratibu, usiipampu kama unajaza upepo baiskeli, inapandisha chumvi moja ya damu na daktari atashtuka bure. Ulizimia shuleni siku ya chanjo ya darasa la kwanza: waambie mapema, wakulaze. Wakimaliza bonyeza pamba dakika tano mkono ukiwa umenyooka. Ukikunja kiwiko utapata bonge la bluu, kisha utasema nesi mbaya.

Njoo na fomu ya daktari, kadi ya bima, na majibu yako ya zamani hata kama yamelowa. Mimi nitakusubiri pale nje ya geti na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha.

Machungwa ya Ukerewe usisahau, ila usiyamenye kwenye meli.

Mama yako