Maktaba ya Mlimani ituletee tenzi zetu Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na uongozi wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa Mlimani. Wasomaji wa Pwani nao nawaomba wanisikilize, maana sehemu kubwa ya kazi ninayoiomba haiwezi kufanyika bila wao.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari mpaka nikastaafu. Tulipofika kwenye tenzi, wanafunzi wangu, watoto wa hapa hapa Tanga, walikuwa wakidhani utenzi ni mali ya Lamu na Pate, ya Mwana Kupona na wenzake. Nikiwaambia kwamba Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, bingwa wa tenzi, alikuwa mtu wa mrima huu wetu, yaani pwani yetu ya bara, wanauliza kwa nini hawajamsikia nyumbani. Swali hilo limenikaa rohoni kuliko maswali yote niliyoulizwa darasani.

Hemedi ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani vita vya Wajerumani kuitwaa pwani yetu. Aliishi zama za mambo yale. Mwaka 1888 watu wa kampuni ya Kijerumani walipotaka kupandisha bendera yao Pangani, watu wakakataa, na vita vikaenea pwani nzima. Desemba 1889 Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, akanyongwa pale pale Pangani, kilomita 50 hivi kutoka ninapoandikia barua hii. Wajerumani waliandika habari zao za vita hivyo, na wanahistoria wamezitumia sana. Lakini ukitaka kusikia jinsi vita hivyo vilivyosikika masikioni mwa Mswahili aliyevamiwa, unamwendea Hemedi, ubeti kwa ubeti.

Utenzi ule uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. J.W.T. Allen, Mwingereza aliyekipenda Kiswahili kikweli, aliuchapisha kwa herufi za Kirumi mwaka 1955. Katika miaka ya 1960 akaendelea kukusanya miswada na sauti za watu wa pwani, na mwaka 1970 katalogi ya miswada na kanda zilizomo katika maktaba ya Chuo ikachapishwa Leiden, Uholanzi. Katika maktaba hiyo hiyo, sehemu inayoitwa East Africana, yamo pia majalada ya Hans Cory, aliyekusanya mila na sheria za Wasukuma, Wahaya na wengine wakati wa ukoloni. Hazina hii ni ya nchi nzima, na waliokaa nayo miaka yote hii wakiilinda na joto, unyevu na wadudu wa Dar es Salaam nawashukuru kwa dhati. Jengo jipya lililozinduliwa Novemba 2018 nalo limeipa maktaba nafasi ambayo waliotangulia waliiota tu.

Sasa nasema ninalolitaka. Nataka maktaba iteremke Mlimani ije pwani. Ilete nakala za miswada katika miji ilikotoka: Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, na visiwani. Hapa Tanga tunayo maktaba ya mkoa, na tunavyo vyuo vya dini vilivyojaa vijana wanaosoma herufi za Kiarabu kila siku. Na inapokuja, ije na watu wa kukaa na wazee wetu, kwa sababu miswada hii haisomeki kwa macho peke yake.

Naomba nilieleze hili kidogo, maana nadhani watu wengi hawalijui. Waandishi wa zamani walitumia herufi za Kiarabu kama zilivyo, na Kiarabu hakina p. Palipohitajika p waliandika b. Irabu e na i zilibeba alama moja, o na u vilevile, na mb mara nyingi iliandikwa b tupu. Kwa hiyo "bibi" na "pembe" huweza kuonekana sawasawa kwenye karatasi. Aliyehifadhi Kurani yote atazitamka herufi hizo bila kikwazo na bado asijue mshairi kasema nini. Anayeweza kuamua ni mtu mwenye Kiswahili cha mahali pale kichwani, anayejua mizani 8 za kila kipande, anayejua kina cha mwisho wa ubeti kinaangukia wapi, na anayezifahamu habari zenyewe. Watu hao tunao, lakini wengi wao wamepita miaka 80. Mmoja ninayemtembelea haoni tena vizuri. Ukimsomea kipande kimoja kwa makosa, anakurekebisha, kisha anaghani beti zinazofuata kwa sauti yake mwenyewe. Mtu huyo akirekodiwa asubuhi moja tu, mtafiti wa kesho atakuwa na kitu ambacho hakuna kamusi itakayompa.

Tumekwisha kuona mtu mmoja anavyoweza kuokoa ushairi wa mji mzima. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, aliyakusanya na kuyaandika, akifanya kazi pamoja na mmisionari W.E. Taylor. Karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika. Mjukuu wangu alinifungulia kwa simu picha za miswada ya Kiswahili iliyoko huko, nikazisoma nimekaa barazani. Nilifurahi, na nilisononeka pia. Nataka niweze kuisoma miswada ya Mlimani namna ile ile, nikiwa Ngamiani, na nataka mwanafunzi wa kidato cha tatu aweze.

Mwaka 2021, tarehe 18 Aprili, moto ulioshuka kutoka mlimani ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger. Makumi ya maelfu ya vitabu na machapisho ya taaluma za Afrika yakateketea. Ghala za chini zilinusurika kwa sehemu kubwa, ingawa maji ya kuzimia moto yaliziingia, na watu wa kujitolea wakahangaika kuokoa makasha kwa wiki kadhaa. Maktaba ile ilikuwa na wataalamu na vifaa, na bado ilipoteza. Kitu chenye nakala moja katika nyumba moja kiko hatarini hata nyumba hiyo ikiwa imara.

Upande wetu wa pwani nako kuna la kusema. Karatasi nyingi za zamani zimebaki majumbani, ndani ya makasha na mito ya zamani, na zinapotea kwa njia ambayo watu wa mbali hawaitarajii. Zinapotea kwa heshima. Karatasi iliyochakaa ikiwa na jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jalalani; huzikwa, huchomwa, au hupelekwa baharini. Utenzi huanza kwa Bismillahi. Mzee akifa, wanawe wasiojua kusoma herufi hizo wanaona karatasi za dini tu, wanafanya lililo jema kwa kadiri wanavyojua, na utenzi unakwenda na maji. Katika ukoo wetu limetokea hilo baada ya msiba wa baba mkubwa, aliyekuwa akisomewa na kuombwa kughani katika kila shughuli mtaani. Aliyezipeleka karatasi zake baharini alikuwa mtu mcha Mungu, na simlaumu.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu: kabla hamjazika wala kuchoma, mwiteni mtu asome. Pigeni picha kila ukurasa, hata kwa simu. Karatasi ikishapigwa picha, ifanyieni mnavyoona inafaa.

Nawaomba na wakutubi wasije na maboksi ya kuchukulia. Wapo wazee wanaosimulia jinsi mgeni alivyoazima karatasi za babu zao na asizirudishe, na wajukuu wamerithi hofu hiyo pamoja na makasha. Njooni na kamera na taa, pigeni picha pale pale barazani mbele ya mwenyewe, mwachieni karatasi yake, mwachieni na nakala iliyochapwa vizuri yenye jina la aliyeitunga na jina la nyumba iliyoitunza. Mkifanya hivyo katika nyumba moja, jirani atawaita mwenyewe. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo hicho hicho, nao waje. Ndio waliochapisha mwaka 2002, wakati huo wakiitwa TUKI, barua za mwandishi Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa Tanga, barua ambazo tumezipata kwa sababu nduguye, Yusuf Ulenge, alizitunza. Kitabu kile kinathibitisha kwamba familia ya Tanga na taasisi ya Mlimani wanaweza kufanya kazi pamoja.

Gharama yake naiona si ya kutisha: wakutubi wawili, vijana wawili wa chuo wanaosoma herufi za Kiarabu, kamera, kinasa sauti, na mwezi mmoja wa kukaa hapa. Wasipange Ijumaa mchana, na Ramadhani waje usiku baada ya tarawehe, ndipo wazee wanapokaa barazani na kuzungumza. Siku ya mwisho wafanye maonyesho katika maktaba ya mkoa, watoto wa shule waalikwe, na beti za Hemedi zighaniwe na mtu anayejua kughani, zisisomwe tu kama taarifa ya habari.

Wakikubali, nitawatembeza kwa wazee ninaowajua hapa Ngamiani na mpaka Pangani. Majina yao sitayaandika gazetini bila idhini yao, lakini nimekwisha kuongea na watatu, na wote wametoa ruhusa.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Ngamiani, Tanga