Meli ikizeeka nauli haishuki yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Tabata ambaye barua yake mliichapa wiki mbili zilizopita. Aliwashauri wanaotamani kusafiri kwa meli za kitalii wasikimbilie meli mpya. Wangoje miaka miwili mitatu, alisema, nauli itashuka yenyewe kama bei ya simu. Naamini aliandika kwa nia njema. Lakini barua ile ilisomwa kwa sauti kwenye kikao cha kikundi chetu cha wastaafu hapa Kigamboni, na watu wanne wakasema papo hapo kwamba basi safari yetu tuisogeze mbele. Kwa umri wetu, Mhariri, miaka mitatu ni mingi. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa makasha, mbolea na ngano, siyo abiria, ila meli ni meli na jicho langu halijaacha kuzifuata. Msimu wa 2023/24 nilikuwa kwenye pantoni navuka kwenda Kivukoni, Norwegian Dawn ikiwa imefunga gatini. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki aliniuliza kama lile ni jengo jipya. Nikamweleza kwamba ni meli, tena si mpya: ilitoka kiwandani Papenburg, Ujerumani, mwaka 2002, na leo inaletwa huku kwetu wakati kwao ni baridi. Mke wangu alikuwa pembeni anasikiliza. Tulipofika ng'ambo akasema, "Baba, na sisi tutapanda lini?" Hakujua kwamba tangu 2022 nina daftari la nauli za meli moja ya Bahari ya Mediterania. Nilikuwa nataka nimweleze siku hesabu itakapokamilika.

Nadhani tunapotea kwa sababu tumezoea nauli za kupangwa. Pantoni la Kigamboni ni shilingi 200 tangu 2012. Vivuko vimekwenda matengenezo vikarudi, kingine kikaongezwa, nauli ikabaki ileile. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000, ukate tiketi mapema au uchelewe. Meli ya kitalii haina LATRA, yaani mamlaka ya kuipangia nauli kama treni na mabasi. Nauli yake iko kama tenga la nyanya pale Ilala: asubuhi bei hii, jioni bei nyingine, na mvua ikikata barabara bei ya tatu.

Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa mtu aliyefanya kazi bandarini. Chumba kilichoondoka kitupu hakiuzwi tena kesho. Mafuta yatachomwa na mabaharia watalipwa hata meli ikienda nusu. Tena abiria akishaingia ndani ananunua vinywaji, anaingia kasino, analipia matembezi ya nchi kavu, na hizo ni fedha kubwa kwa kampuni. Kwa hiyo afadhali chumba kiuzwe kwa bei ya chini kuliko kibaki na kitanda kilichotandikwa bure. Bei inapandishwa na kushushwa kila siku kufuatana na vyumba vilivyobaki, na umri wa meli ni jambo moja tu kati ya mengi yanayotazamwa.

Ni kweli kwamba meli mpya huanza juu. Icon of the Seas ilipofunguliwa kuuzwa Oktoba 2022, kampuni ilitangaza kwamba haijawahi kupata siku moja yenye maombi mengi kiasi kile tangu ianzishwe. Ilianza safari Miami Januari 2024, ikiwa na tani 248,663 (tani hizi ni kipimo cha ujazo wa ndani ya meli, siyo uzito). Watu wakigombania hivyo, kampuni ipunguze bei ya nini? Baadaye huja ndugu yake mpya zaidi, naye ndiye anayewekwa kwenye matangazo. Star of the Seas ilianza Agosti 2025. Yule mkubwa anaanza kuuzwa kwa utulivu. Hapo ndugu yangu wa Tabata nakubaliana naye.

Lakini tazama inavyokwenda meli ikiendelea kuzeeka. Sovereign of the Seas, mwaka 1988, ilikuwa kubwa kuliko meli zote za kitalii, tani 73,000 na kidogo. Ilianza na safari za siku saba kutoka Miami. Miaka ilipopita ikapelekwa Port Canaveral kufanya safari za siku tatu na nne kwenda Bahamas. Mwaka 2008 ikahamishiwa kampuni ya Kihispania, na 2020 ikapelekwa Aliağa, Uturuki, kukatwa chuma chakavu. Mtu akikuambia nauli ya meli ya namna hiyo imeshuka, muulize kwanza: ni safari ileile? Siku tatu zitakuwa rahisi kuliko siku saba kila mara. Gawa nauli kwa idadi ya siku ndipo ulinganishe. Nimewaona watu wazima, wenye elimu zao, wakilinganisha jumla kwa jumla na kushangilia punguzo ambalo halipo.

Halafu kuna miaka ambayo nauli hupanda kwa meli zote, mpya na kuukuu. Machi 2020 meli zilifungwa kamba dunia nzima. Ziliporudi, watu walikuwa bado na hofu, kwa hiyo nauli nyingi zilikuwa za kubembeleza. Ilipofika 2023 abiria wa meli za kitalii duniani walikuwa milioni 31.7, wakipita wale milioni 29.7 wa mwaka 2019, na 2024 wakawa milioni 34.6. Vyumba vikagombaniwa tena. Aliyengoja tangu 2021 ili meli yake izeeke aliikuta imezeeka na nauli imepanda.

Sasa niseme la daftari langu, maana hili ndilo linaloniuma. Meli ninayoifuatilia iliingia majini karibuni. Mwaka 2022 chumba cha ndani kisicho na dirisha, siku saba, wiki ya pili ya Julai, niliambiwa dola 1,150 kwa mtu. Mwaka 2024 nikauliza meli ileile, chumba cha aina ileile, wiki ileile ya Julai. Nikaambiwa dola 1,090. Imeshuka dola 60. Kwa Mmarekani hiyo ni nafuu. Lakini mwaka 2022 nilikuwa nabadilisha dola moja kwa shilingi 2,300, na 2024 kwa 2,650. Piga hesabu: ya kwanza ni shilingi 2,645,000, ya pili ni 2,888,500. Nauli iliyoshuka imenipandia shilingi 243,500, na pensheni yangu hailipwi kwa dola.

Kwenye ukurasa huohuo nina mstari mwingine niliouandika kwa wino mwekundu. Meli hiyohiyo, chumba hichohicho, mwaka huohuo wa 2024, ila wiki ya tatu ya Novemba: dola 690. Meli haikuzeeka kati ya Julai na Novemba. Watoto wa Ulaya wamerudi shule, jua limepungua, basi. Miaka miwili ya kungoja ilinipa dola 60, lakini kusogeza safari kwa miezi minne kungenipa dola 400. Hilo ndilo ningependa msomaji wa Tabata alifikirie. Sisi wastaafu hatuna shule ya kuwahi wala likizo ya kuombea ruhusa. Novemba kwetu ni sawa na Julai.

Wapo watakaosema ngoja dakika za mwisho. Hili nalo nimelichunguza. Kampuni nyingi humtaka abiria amalize kulipa miezi mitatu hivi kabla ya safari, na walioshindwa wakijitoa vyumba hurudi sokoni. Hapo bei huweza kuanguka kweli. Lakini punguzo hilo ni la mtu anayekaa karibu na bandari, anayeweza kufunga begi Ijumaa na kupanda meli Jumapili. Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Maombi yanatakiwa yafike siku 15 kabla ya safari kwa uchache, na majibu yanaweza kuchukua hadi siku 45. Ada yenyewe ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Tiketi ya ndege ya dakika za mwisho kutoka hapa nayo itameza punguzo lote. Anayeshauri watu wa Dar es Salaam wangoje punguzo la mwisho hajajaribu kuliwahi.

Naandika pia kwa sababu tuliumia. Mwaka 2022 wakala mmoja, sitamtaja, alikuja kwenye kikao chetu na karatasi za rangi. Akatuambia tulipe arubuni haraka, meli ni mpya, bei itapanda. Watu sita walitoa dola 200 kila mmoja. Mimi nilikuwa mweka hazina, nikazipeleka kwa mkono wangu. Baada ya miezi mitano vyumba vilevile vilishuka kwa dola 130. Tulipoomba turekebishiwe tukaambiwa aina ya tiketi tuliyonunua hairuhusu. Baadaye wawili wakanyimwa viza, na arubuni zao hazikurudi. Sharti hilo lilikuwepo kwenye karatasi ya tatu, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Kumbe ipo arubuni inayorudi na ipo isiyorudi, na kwa ile inayorudi kampuni nyingi za Marekani hukubali kukupa bei mpya ikishuka kabla ya siku ya kumaliza malipo. Hakuna aliyetwambia. Mmoja wa wale wawili alikuwa amechukua fedha ile kwenye mchezo wa akina mama, na kijumbe alitaka chake mwezi uliofuata.

Katika kikundi chetu yupo pia mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwalimu mstaafu. Yeye aliulizia chumba cha peke yake. Akatajiwa nauli ya mtu mmoja, akafurahi, akarudi na kutuambia. Alipokwenda kulipa ndipo akaelezwa kwamba vyumba huuzwa kwa watu wawili, na anayelala peke yake mara nyingi hulipa karibu nauli zote mbili. Mume wake amefariki mwaka 2019. Alitoka ofisini pale bila kusema neno, na hadi leo akisikia watu wanazungumzia bei za meli mpya na za zamani anainuka na kuondoka.

Bakshishi nayo haitajwi. Kwenye kampuni kubwa za Marekani hukatwa kila siku; mwaka 2024 ilikuwa dola 16 hadi 20 hivi kwa mtu. Mume na mke kwa siku saba wataikuta imefika zaidi ya dola 220, ambayo inazidi kwa mbali zile dola 60 kwa kila mtu, yaani 120 kwa wawili, ambazo nauli ilishuka kwa miaka miwili. Sisemi isilipwe, maana wanaotandika vitanda wanaitegemea. Nasema ihesabiwe tangu mwanzo.

Kwa hiyo ombi langu kwa mawakala wa Samora, Kariakoo na Mikocheni ni hili. Mtu akija kuuliza, mwandikieni kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili: nauli, kodi na tozo za bandari, bakshishi, bima, viza na ndege. Chini yake jumla kwa shilingi, na tarehe ya siku hiyo. Andikeni kama arubuni inarudi au hairudi. Mwekeeni bei ya wiki ya Julai na ya wiki ya Novemba pamoja, achague mwenyewe. Na wewe Mhariri, ukichapa tena ushauri wa nauli za meli, tafadhali muombe mwandishi aseme ni wiki gani, siku ngapi, na dola ilikuwa shilingi ngapi.

Kikundi chetu kitakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na daftari nitakwenda nalo. Mke wangu ameshaliona, ameshaniuliza kwa nini nilimficha. Jirani yetu mwalimu nilikwenda kwake juzi jioni na ukurasa ule wa wino mwekundu. Alisoma kimya, kisha akampigia simu dada yake wa Tanga. Dada amekubali kulala naye chumba kimoja. Wanataka Novemba, na viza wataomba Agosti.

Karani mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam