Barua ya wazi kwa skauti wa Tabora mnaojiandaa kuomba chuo

Wajukuu zangu wa kidato cha tano na cha sita mnaovaa skafu, kuanzia hapa mjini mpaka Urambo na Sikonge, mwangaluka.

Kila mwaka matokeo yanapokaribia nasikia maneno yale yale: "Babu, mimi nina vyeti vya skauti, chuo sikosi." Wengine mmeambiwa hivyo na wazazi, wengine na viongozi wenzangu wanaotaka vikosi vyao vijae. Si kweli, na anayewaambia hivyo anawapoteza.

Vyuo vyetu havipimi skafu. Kwa aliyetoka kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inataka angalau pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayoendana na kozi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha mlangoni tu, na kozi zinazogombewa zinataka zaidi ya hapo. Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo inaangalia hali ya nyumbani kwenu, haiangalii beji. Basi mwenye mtihani Mei asiende kambi ya Aprili. Kiongozi akinuna, mwacheni anune.

Hii hadithi ya skauti kupenya chuoni imetoka Marekani. Cheo cha juu kabisa cha skauti kule kinaitwa Eagle Scout. Anayekitaka awe na beji za ufundi 21, aongoze mradi wa kuhudumia jamii, na amalize yote kabla hajatimiza miaka 18. Vyuo vingi vya kule, hasa vinavyochuja sana, husoma faili zima la mwombaji: alama, insha, barua za walimu na shughuli za nje ya darasa. Cheo hicho kinaheshimika, lakini vijana wanaokipata kila mwaka ni maelfu, na hakizibi pengo la alama dhaifu. Kinasaidia pale mezani palipojaa faili za vijana wenye alama nzuri kama zako, na msomaji anajiuliza: huyu alifanya nini na muda wake?

Wale wachache wenu mnaotaka kuomba vyuo vya kule, hapa ndipo ninapotaka mkae chini msome vizuri. Vyuo zaidi ya 1,000 vinapokea fomu iitwayo Common Application. Ina nafasi ya shughuli 10, na maelezo ya kila moja hayaruhusiwi kuzidi herufi 150, pamoja na nafasi kati ya maneno. Mkiachwa mwandike wenyewe, najua mtakachoandika: "Nilikuwa skauti hodari, mwenye nidhamu na moyo wa kujitolea." Sentensi hiyo anaweza kuiandika hata yule aliyeazima skafu siku ya Mwenge. Sasa soma hii: "Niliongoza wenzangu 8 kusafisha kisima cha kijiji na kukizungushia uzio, kamati ya maji ndiyo inayoutunza sasa." Herufi zimebaki, na msomaji ambaye hajawahi kufika Tabora ameona watu, kazi na kilichobaki baada ya nyinyi kuondoka. Hodari na nidhamu atayaona mwenyewe. Ila iwe kweli. Ukiandika wenzako 8 na barua ya kiongozi wako ikasema 3, umejimaliza.

Uingereza wana utaratibu wao: wanataka zaidi kujua umejiandaaje kwa somo lenyewe. Anayeomba uuguzi aeleze huduma ya kwanza aliyotoa kwa mikono yake, mambo ya kupiga gwaride ayaache.

Kwa nini basi ubaki skauti, kama chuo cha hapa hakiulizi? Baki ukipenda kazi yake. Mtakaoitwa JKT baada ya kidato cha sita mtaona wenzenu wanavyohangaika na vitu mlivyozoea, kuamka alfajiri na kufua nguo zenu wenyewe. Anayekaa kwa ajili ya cheti, aende tuisheni, hatutagombana.

Kila mmoja atafute daftari la kurasa chache. Baada ya kila kazi aandike tarehe, mahali, mlikuwa wangapi, yeye alifanya nini, na nani alishuhudia. Si lazima Kiswahili kiwe cha mashairi. Mnaohitaji barua ya utambulisho kutoka kwangu, leteni daftari hilo mapema, kabla hamjaingia kwenye mitihani. Atakayenijia dirisha la maombi likiwa limebakiza siku mbili, hana daftari, na anataka nimsifie, nitamkaribisha chai na barua hatapata.

Babu yenu, skauta mstaafu,
Isevya, Tabora