Kompyuta Inapochelewa Kufungua Ramani: Kwa Nini Tunanakili Kwanza Ndipo Tutengeneze

Wateja wetu wengi hapa Sinza, Dar es Salaam, ni watu wanaochora nyumba. Wamo wasanifu majengo walioajiriwa mchana na kuchora kazi zao binafsi usiku, wamo mafundi sanifu wanaoandaa michoro ya kuombea vibali vya ujenzi, na wamo wenye viwanja walioamua kujifunza wenyewe SketchUp, programu ya kuchora nyumba kwa pande tatu, ili waione nyumba yao kabla msingi haujachimbwa. Wanapoleta kompyuta, karibu wote huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, imekuwa nzito, niongezee RAM." Ombi hilo la kuongezewa RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba kazi uliyoifungua, tunalipokea, lakini hatushiki bisibisi kabla ya kunakili michoro yote iliyomo na kuipima diski, na wapo wanaoona kwamba tunawapotezea muda. Tunaomba tuueleze utaratibu huo, kwa sababu katika kazi hii uzito wa kompyuta na upotevu wa ramani mara nyingi hutoka mahali pamoja.

Tuanze na uzito wenyewe. Kompyuta haizidiwi yote kwa pamoja. Kila hatua ya kuchora huegemea kifaa chake, na kifaa kilichozidiwa hutambulika kwa kuangalia ni wakati gani hasa unaposubirishwa. Unapojenga muundo katika SketchUp, ukisukuma ukuta au ukiizungusha nyumba ili uitazame upande wa uani, sehemu kubwa ya hesabu hufanywa na kiini kimoja tu cha prosesa, yaani kifaa kinachopiga hesabu za kompyuta, hivyo prosesa yenye viini vichache vya kasi kubwa inaweza kuishinda yenye viini vingi vya kasi ndogo. Ukifika kwenye kurenda, yaani kuugeuza muundo uwe picha inayofanana na nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, hali hubadilika kabisa: programu zinazorenda kwa prosesa hutumia viini vyote vilivyopo, ilhali Lumion na Enscape huitegemea kadi ya grafiki pamoja na kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi hiyo. Kadi yenye kumbukumbu ya GB 4 inaweza kuonyesha nyumba ya vyumba vitatu kwa utulivu, kisha ikakwama siku mwenye nyumba anapoomba aonyeshwe bustani, magari mawili na safu ya minazi hadi getini.

Lipo jambo dogo hapa ambalo hutuletea wateja wengi bila sababu. Kompyuta mpakato zenye kadi ya NVIDIA kwa kawaida huwa pia na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, iliyowekwa ili kubana matumizi ya betri, na hutokea Windows ikaipa programu ya kuchora hiyo ndogo, huku kadi kubwa ambayo mtu aliilipia fedha nyingi ikiwa imelala. Marekebisho yake yamo katika mipangilio ya Windows, kwenye sehemu ya skrini na grafiki, ambako unaichagua programu yako na kuiagiza itumie kadi yenye nguvu. Ni kazi ya dakika chache, na kwa kweli huwa tunaona haya kuidai malipo.

Wakati mwingine kosa halimo katika kompyuta hata kidogo. Tumewahi kufungua faili la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, sebule na baraza, tukakuta kilichoujaza muundo si kuta wala paa, bali kochi moja lililopakuliwa intaneti, ambalo aliyelichora alihesabu kila mkunjo wa kitambaa. Samani na miti ya kupakua huwa na nyuso maelfu kwa maelfu, na hata ukiifuta kutoka kwenye mchoro, SketchUp huendelea kuitunza ndani ya faili mpaka uiamuru isafishe visivyotumika. Tunashauri kusafisha huko kufanyike kila unapomaliza hatua ya mradi, na samani nzito ziingizwe mwishoni, kuta na ngazi zikiwa zimekwisha kukubaliwa.

RAM nayo tusiionee, kwani yapo mazingira ambamo mteja amesema kweli. Kwa michoro bapa ya AutoCAD, GB 8 huvumilika. Kwa anayefungua muundo wa pande tatu, kivinjari chenye kurasa ishirini na programu ya picha kwa pamoja, tunapendekeza GB 16 kama kianzio, na ni vyema ziwe vipande 2 vinavyolingana, maana prosesa huweza kusoma vyote kwa njia mbili sambamba. Lakini tazama kinachotokea RAM inapojaa: Windows huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kama diski hiyo ni ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka na mkono unaosogea kutafuta data, kila utafutaji huchukua takribani milisekunde 10, ilhali SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, hufanya hivyo katika sehemu ndogo mno ya milisekunde 1. Hivyo mtu anayelalamikia RAM mara nyingi anailalamikia diski pasipo kujua, na kompyuta ya miaka kadhaa iliyobadilishiwa diski ngumu ikawekewa SSD huweza kumfanya mwenyewe adhani ameletewa nyingine.

Hapa ndipo penye hatari tuliyotangulia kuitaja. Diski ngumu inayoanza kufa haitangazi kifo chake kwa kuzimika. Hutangaza kwa kuchelewa. Inapokutana na sehemu iliyoharibika hujaribu kuisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa, na muda wote huo programu inaganda, kishale cha kipanya kinazunguka, na ukifungua kidhibiti cha kazi cha Windows unaona diski imefikia asilimia 100 ingawa hakuna kikubwa kinachofanyika. Kwa mchoraji, dalili hiyo haitofautiani na kompyuta iliyoelemewa. Zamani, kabla hatujaweka utaratibu huu, tuliwahi kumwongezea mteja RAM kama alivyoomba, tukaiwasha mbele yake, naye akaridhika na kuondoka. Siku 3 baadaye alirudi na kompyuta isiyowaka, na ndani yake michoro ya nyumba ambayo mafundi walikuwa wamefika kwenye kenchi. Tulichoweza kuokoa ni toleo la miezi kadhaa nyuma, lililokuwa na choo upande usio sahihi. Kosa lile lilikuwa letu, kwani programu ya bure kama CrystalDiskInfo ingetuonyesha kwa dakika moja kwamba diski ile ilikuwa imekwisha kuzihamisha sekta nyingi zilizokufa, yaani vipande vyake vya kutunzia data, nasi hatukuifungua.

Usidhani SSD inakuondolea mzigo huo. Ni ya kasi na haiharibiwi na mtikisiko wa bodaboda kama diski yenye sahani, lakini ikifa huweza kufa ghafla bila dalili yoyote ya kuchelewa. Zaidi ya hayo, faili lililofutwa kwenye diski ngumu mara nyingi lilikuwa likirudishika, kwa sababu data hubaki pale mpaka iandikwe juu yake nyingine. Katika SSD za leo, Windows huijulisha diski mara moja kuwa nafasi hiyo haina tena mwenyewe, nayo huisafisha kwa muda wake. Wateja wanaokumbuka tulivyowaokolea michoro miaka ya nyuma hushangaa tunapowaambia kwamba safari hii hakuna cha kuokoa.

Kuhusu joto tutasema kwa ufupi. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi joto 100, na kwa hali ya hewa ya pwani, vumbi la barabara na feni iliyozibwa kwa kuwekwa juu ya godoro, hazichelewi kufika huko. Ikiwa kompyuta yako inarenda vizuri dakika 10 za mwanzo kisha inalegea, lete isafishwe na kubadilishwa dawa ya kupitisha joto kabla ya kununua chochote.

Tugeukie sasa nakala za akiba. Programu nyingi za kuchora hujiwekea nakala zenyewe, na wengi huzifuta wakidhani ni uchafu. AutoCAD, kila unapohifadhi, hulibakiza toleo lililotangulia katika faili lenye mkia wa .bak, ambalo ukilibadilisha mkia kuwa .dwg hufunguka kama kawaida. ArchiCAD huweka faili la .bpn kando ya .pln, SketchUp ina .skb, na Revit hupanga matoleo yake ya nyuma kwa namba. AutoCAD pia hujihifadhi kila baada ya dakika 10, isipokuwa umeibadilisha, katika faili la .sv$ linalokaa kwenye folda ya muda, na faili hilo hufutika unapoifunga programu kwa utaratibu. Mambo haya yote ni kinga dhidi ya umeme kukatika au programu kuganda. Mgao mkubwa wa mwaka 2023 umepita, lakini umeme kupepesa kwa sekunde 2 kunatosha kuharibu faili lililokuwa likiandikwa, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani bado anahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Ila hakuna hata moja kati ya mafaili hayo linalokusaidia diski ikifa au mkoba ukiibwa, kwa kuwa yote yanakaa ndani ya kompyuta ileile.

Kanuni inayofuatwa na watu wa picha na wa michoro duniani ni ya 3, 2 na 1: nakala 3 za kazi yako, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya jengo unalofanyia kazi. Kwa mchoraji wa nyumba, tafsiri yake ya kawaida ni kompyuta yenyewe, diski ya nje inayochomekwa jioni na kuchomolewa kazi ikimalizika, na hifadhi ya mtandaoni. Tunasisitiza kuchomolewa, maana virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia diski ya nje iliyoachwa ikining'inia. Diski hiyo ipangwe kwa mfumo wa exFAT au NTFS, kwani FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, na video ya matembezi ndani ya nyumba huweza kufika hapo. Fleshi tunaziheshimu kwa kusafirisha kazi, si kwa kuitunza. Tena zile za bei ya kutupa, zilizoandikwa TB 2, nyingi hudanganya ukubwa wake, na huendelea kupokea mafaili kimyakimya hata baada ya kujaa, ukayakosa siku unapoyahitaji.

Hifadhi ya mtandaoni ina mipaka yake. Google hutoa GB 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo unagawana na barua pepe na picha zako. Jingine ni kwamba folda iliyounganishwa na mtandao huiga kila unachofanya: ukifuta faili kwenye kompyuta, hufutika huko pia, na Google Drive huliweka kwenye pipa la taka kwa siku 30 tu. Wapo wanaotegemea mtandao peke yake, nao tunawakumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na ramani zake mtandaoni tu alizimiliki bila kuzifikia. Kujitumia faili kwa WhatsApp hatukuhesabu kabisa, kwa sababu ukilitafuta baada ya muda unaweza kukuta halipakuliki tena.

Nakala yenyewe nayo iwe kamili. Mchoro wa AutoCAD huweza kuita michoro mingine iliyo katika folda tofauti, na ukibeba mmoja pekee utafunguka ukiwa na mapengo. Amri ya ETRANSMIT hukusanya vyote katika kifurushi kimoja. Revit haifungui faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya kuliko lake, kwa hiyo andika toleo ulilotumia katika jina la folda. Juu ya yote, kila nakala iambatane na PDF ya kurasa zote zenye vipimo, kwani hiyo hufunguka hata kwenye simu ya fundi akiwa juu ya jukwaa, na mchoro uliopotea huweza kuchorwa upya kutoka kwayo bila kupima nyumba.

Ukituletea kompyuta, njoo na chaja yake na neno la siri la kuingilia, na utuandikie kwenye karatasi majina ya miradi inayoendelea pamoja na folda iliyomo. Tutainakili kwenye diski yetu mbele yako, ufungue mwenyewe faili moja au mawili uhakikishe, ndipo tuanze kazi. Nakala hiyo tunaitunza siku 14 baada ya wewe kuchukua kompyuta, kisha tunaifuta. Ukitaka uondoke nayo, njoo na diski ya nje.