Tumpime fundi akiwa kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyokadiria ujuzi wa wafanyakazi wetu, hasa hapa Mbeya na katika mikoa jirani ya Songwe, Njombe na Iringa, ambako kazi nyingi za ufundi hufanywa na watu waliojifunza kwa kushika zana chini ya fundi mwingine. Nasimamia kazi za ujenzi, na kila ninapotafuta waashi, wafunga nondo au maseremala hukutana na swali lilelile: nitajuaje kwamba mtu huyu anaifahamu kazi yake kabla sijamkabidhi ukuta?

Tumezoea kuuliza mtu amesoma hadi wapi na ana cheti gani, au amefanya kazi miaka mingapi na nani anamfahamu. Miaka ya shule hueleza muda aliokaa darasani. Haielezi kama anaweza kusoma ramani ya nyumba, kukadiria mifuko ya saruji itakayotosha msingi, au kutambua kwamba zege limezidishwa maji. Miaka ya kazi nayo haielezi alikuwa akifanya nini, kwa kuwa mtu anaweza kukaa saiti muda mrefu akibeba tofali na kuchanganya udongo, asiachiwe timazi hata siku moja.

Serikali imekwisha kuliona jambo hili. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi, ambapo mwashi, seremala, makanika au mpishi hupimwa kwa vitendo na anayefaulu hupewa cheti. Nauunga mkono kwa moyo wote, maana umewafungulia mlango watu ambao awali walihesabiwa kuwa hawana ujuzi wowote. Ninachoomba ni kwamba mwajiri aonyeshwe matokeo ya upimaji huo kazi moja moja, badala ya kuishia kujua kwamba mtu alifaulu. Chukua mwashi wa Uyole anayenyanyua kona wima kabisa na kupiga plasta safi, lakini akakwama anapopewa mchoro wenye vipimo vya milimita. Kumwita asiyejua kazi ni kumwonea, na kumwita fundi kamili ni kumdanganya atakayemwajiri. Karatasi yake ingesema wazi ni kazi zipi anaziweza peke yake, zipi anaziweza akisimamiwa, na zipi bado, mwajiri angejua ampange wapi, naye mwenyewe angejua akasome nini bila kulazimika kurudia kozi nzima ya mambo ambayo tayari anayamudu.

Ugumu wa kupima ujuzi si wa kwetu peke yetu. Benki ya Dunia iliwahi kuendesha utafiti wa kaya katika miji ya nchi kadhaa, zikiwamo Kenya na Ghana, ambao haukuishia kuuliza kiwango cha elimu. Watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 waliulizwa wanasoma nini kazini, wanapiga hesabu gani na wanatumia mashine zipi, wakapewa pia jaribio la kusoma na maswali kuhusu tabia kama vile bidii na uvumilivu. Ni hatua kubwa, ingawa utafiti wa mijini hauwezi kumfikia mpasua mbao wa vijijini karibu na mashamba ya miti ya Sao Hill wala mchuma chai wa Mufindi na Rungwe. Watafiti Rachid Laajaj na Karen Macours nao walichunguza vipimo vya aina hii kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya, wakawarudia watu walewale baada ya wiki chache na kuwauliza tena. Majaribio ya kufikiri na kukokotoa yalitoa majibu ya kuaminika zaidi. Maswali kuhusu tabia, na hata yale ya ujuzi wa kilimo chenyewe, yalitoa majibu yasiyotulia, na lilijitokeza pia tatizo la watu kukubali kauli wanazosomewa. Halinishangazi hata kidogo. Mgeni mwenye karatasi akikuuliza kama wewe ni mchapakazi, kwa malezi yetu ni vigumu kumjibu hapana.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba fundi apimwe akiwa kazini, kwa Kiswahili, na mtu anayeijua kazi hiyo. Mnoa misumeno wa Mafinga atazamwe akinoa, na mbao zitakazopasuliwa zipimwe unene mwanzo hadi mwisho. Makanika wa malori wa Tunduma apewe injini yenye hitilafu na aeleze anavyoitafuta, kwa sababu kueleza nako ni sehemu ya ujuzi. Asiyeweza kumweleza mwenye gari kilichoharibika hataweza pia kumfundisha kijana aliye chini yake. Wapimaji kufika huko ni gharama, nakubali, lakini waajiri tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sioni matumizi yanayostahili zaidi.

Pa kuanzia papo. Madarasa na zahanati nyingi sasa zinajengwa kwa fosi akaunti, yaani bila kumpa kazi mkandarasi, bali kwa kuwatumia mafundi moja kwa moja, na kamati za shule na vijiji ndizo zinazokaa kuwachagua mafundi, mara nyingi zikiwa na bei ya kila mmoja tu mezani. Halmashauri zetu zikikubaliana na VETA kuwapima mafundi wa kata kabla ya kazi kutangazwa, kamati hizo zitakuwa na karatasi ya kila fundi inayosema kama anaweza kusuka nondo za lenta na kupanga mteremko wa paa, na zitaamua zikiwa zinaijua kazi ya kila mmoja wao.

Msimamizi wa ujenzi,
Iyunga, Mbeya